Milimita Nne na Nusu: Fumbo la Treni za Mfano za Ireland

Weka mezani kichwa cha treni cha mfano, tuseme cha daraja (yaani aina) la 141, kilichopakwa nyeusi na hudhurungi kama vichwa vya CIÉ, shirika la usafiri la Ireland, vilivyoonekana miaka ya 1960. Kitazame kwa ubavu. Feni za paani, ngazi za dereva, vishikio vyembamba kama sindano, namba iliyoandikwa chini ya dirisha: huoni pa kulalamikia. Sasa inama mpaka jicho liwe sawa na reli, ukitazame kwa mbele. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Bodi ni pana, na chini yake reli mbili zimebanana katikati, kama mtu mzima aliyekalia kigoda cha mtoto.

Kiwanda hakijakosea. Kila anayejenga reli za mfano za Ireland anaijua kasoro hiyo. Wengi wameizoea, na wachache wameikataa wakaenda kujitesa kwa namna nyingine. Huu ni uraibu wa watu wazima (neno lenyewe linafaa hapa kwa maana zake zote mbili), na karibu kila swali gumu ndani yake, kuanzia ununue nini na ujenge nini hadi uchague mwaka gani, ukilifuata hadi mzizi unafika kwenye milimita nne na nusu zinazokosekana chini ya kichwa hicho.

Tuanze na maneno mawili ambayo hata wenye maduka huyachanganya. Skeli ni uwiano, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara ngapi. Geji ni upana wa njia, unaopimwa kutoka ubavu wa ndani wa reli moja hadi ubavu wa ndani wa ile ya pili. Dunia ingekuwa imenyooka, ukishajua skeli ungegawanya tu, geji ikajileta yenyewe. Haijanyooka.

Skeli inayotawala Uingereza na Ireland huitwa OO. Futi moja ya kweli inakuwa milimita 4, kwa hiyo kila kitu kimepunguzwa mara 76 na kidogo. Reli zake zina upana wa milimita 16.5. Gawanya 16.5 kwa 4 na unapata futi 4 na inchi moja na nusu, ilhali reli za kweli za Uingereza zina futi 4 na inchi 8 na nusu. Kumbe uongo ulianza kwa Waingereza wenyewe. Upana huo wa 16.5 ni mali ya skeli nyingine, H0, ya mara 87, inayotumika bara la Ulaya na Marekani. Treni za Uingereza ni nyembamba na fupi kwa kimo kuliko za bara, na mota za miaka ya 1920 na 1930 zilikuwa nene. Hazikuingia kwenye tumbo la kichwa cha Kiingereza kilichopunguzwa mara 87. Wakaona heri wakuze bodi na kuacha reli zilivyo. Kosa lao ni la milimita mbili na kitu, na macho yamelisamehe kwa miaka karibu mia.

Ireland ilirithi maduka ya Uingereza, reli za dukani za Uingereza na skeli ya Uingereza. Geji ya kweli haikurithi. Reli kuu za kisiwa kile zina upana wa futi 5 na inchi 3, milimita 1,600. Zidisha futi hizo kwa 4 na unapata milimita 21 kamili, namba nzuri isiyo na mkia. Dukani inauzwa 16.5. Tofauti ni ile 4.5 niliyoitaja, na ukiirudisha kwenye dunia ya kweli ni sentimita 34. Hebu fikiria reli ya kweli iliyosogezwa ndani kwa zaidi ya urefu wa rula ya shuleni.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kusimuliwa sana adha ya geji. Reli ya Kati ya zamani ni ya mita moja, TAZARA ni ya milimita 1,067, na SGR ni ya 1,435. Kule Kidatu, reli ya mita moja inapokutana na TAZARA, mzigo lazima uhamishwe kutoka behewa hadi behewa, kwa sababu magurudumu ya huku hayakai kwenye reli za kule. Ireland ilikaribia kabisa kutumbukia kwenye shimo hilohilo, tena ndani ya kisiwa kimoja kidogo. Reli ya kwanza, kutoka Dublin hadi Kingstown, ilifunguliwa mwaka 1834 kwa geji ya Kiingereza. Mwaka 1839 kampuni ya Ulster Railway kule Belfast ikaanza safari zake kwa futi 6 na inchi 2. Kati ya miji hiyo miwili wakatokea watu wa Drogheda waliotaka futi 5 na inchi 2. Reli hizo zilikuwa zinaelekeana. Siku zingekutana, ingekuwa aibu.

Serikali ikamtuma Meja Jenerali Pasley aamue. Inasimuliwa kwamba aliwauliza wahandisi wakubwa wa wakati ule, akapewa majibu kati ya futi 5 na futi 5 na inchi 6, akachukua katikati. Ndivyo ilivyopatikana futi 5 na inchi 3: haikuwa geji ya mtu yeyote, basi hakuna aliyeweza kusema mwenzake ameshinda. Sheria ya mwaka 1846 ikaipigilia msumari. Ulster Railway waling'oa reli zao na kuzisogeza, na Kingstown nao wakafuata mwaka 1857. Baadaye geji hiyo ilisafiri hadi Victoria na Australia Kusini, na Brazil pia wanayo. Binafsi namwonea huruma Pasley. Alikuwa anasuluhisha ugomvi wa makampuni matatu. Angejuaje kwamba mtu aliyeinama mezani Cork, karne mbili mbele, atakuwa anamlaani kwa sababu ya ekseli ya shaba?

Basi mjenzi ana njia mbili. Ya kwanza ni kukubali 16.5. Ananunua reli za dukani, anazitandaza, anaweka kichwa chake, anaendesha jioni hiyohiyo. Ya pili ni kujenga kwa 21. Hakuna kiwanda kinachokuletea hiyo ikiwa tayari kutoka rafuni, hivyo reli unaitengeneza kwa mkono.

Hii ya pili inafaa kutazamwa kwa karibu, maana watu huisifu bila kusema inakula muda kiasi gani. Unaanza na vipande vyembamba vya ubao wa saketi, ule wa ndani ya redio, wenye ngozi ya shaba juu. Kila kipande ni taruma moja. Mataruma ya kweli hukaa umbali wa futi mbili na nusu hivi, na kwa skeli yetu hiyo ni sentimita moja; mita moja ya njia inakula karibu mataruma mia. Unayapanga juu ya mchoro, unalaza reli ya kwanza, unagusa kila mkutano wa reli na shaba kwa pasi ya kulehemu yenye tone la risasi. Reli ya pili unaishika kwa kidude cha chuma chenye mifereji miwili iliyochongwa milimita 21 kamili, nacho ndicho kinachokuzuia usidanganywe na jicho. Unalehemu, unakisogeza kidude, unalehemu tena. Vidole vinaungua. Moshi unaingia machoni. Baada ya saa mbili una njia yenye urefu wa mkono wako.

Kisha kuna jambo ambalo mgeni hulisahau. Reli mbili za treni ya mfano ndizo nyaya za umeme: moja chanya, nyingine hasi. Taruma la shaba likiziunganisha ni shoti. Kwa hiyo kila taruma lazima likatwe kwa msumeno mwembamba katikati, ngozi ya shaba iachane, halafu ufa uzibwe na kupakwa rangi usionekane. Kwenye kipande changu cha kwanza nilikata mataruma yote isipokuwa moja. Moja! Nilikaa na kipima umeme tangu baada ya chakula cha jioni hadi nyumba nzima imelala, nikiikatakata njia nusu kwa nusu kumtafuta mwizi, na nilipompata alikuwa chini ya kokoto nilizokuwa nimeshazimwagia gundi.

Njia ikikamilika, hujamaliza. Magurudumu nayo yanatakiwa kuachana zaidi. Kwa vichwa vya dizeli kazi hii ni nyepesi, kwa sababu bogi, yaani fremu zinazobeba magurudumu, zilichongwa kwa upana wa kweli na nafasi imo ndani. Unachomoa ekseli fupi, unaingiza ndefu, gurudumu linasogea nje na kukaa mahali lilipokusudiwa. Ndipo unapoelewa kwa nini uso wa kichwa ulikuwa unaonekana wa ajabu. Vichwa vya mvuke ni kilio kingine. Pale kuna fito zinazozungusha magurudumu, kuna silinda, kuna fremu, na kila kimoja lazima kihame pamoja na gurudumu. Sijasema kitu kuhusu mahali njia zinapogawanyika, ambapo gurudumu linavuka pengo la reli na linatakiwa kuongozwa kwa uangalifu wa sehemu ya milimita. Hapo ukikosea, behewa linaanguka. Na ukikosea kidogo tu, linaanguka mara moja kwa kila safari ishirini, jambo linaloudhi zaidi.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni 16.5, wala asijisikie mnyonge. Treni tunaitazama kwa ubavu, ikipita. Wanaoitazama kwa mbele ni wapiga picha na ng'ombe. Ila kuna watu ambao wakishaiona kasoro hawawezi tena kuacha kuiona, na hao hakuna ushauri utakaowasaidia. Wataishia kwenye 21 tu.

Kinachochekesha ni kwamba ukiziacha reli kuu na kwenda kwenye reli nyembamba, hesabu inageuka. Maeneo maskini ya magharibi na kaskazini ya Ireland yalijengewa reli za futi 3, kwa sababu zilikuwa rahisi kujenga na zilipinda kirahisi kufuata milima: Donegal, Lough Swilly, West Clare, Cavan na Leitrim, Tralee na Dingle. Sasa, ukijenga kwa skeli ya milimita 5.5 kwa futi, zidisha mara 3. Unapata 16.5. Reli ileile ya dukani iliyokuwa uongo mtupu sasa ni kweli hadi nukta ya mwisho. Unalipa kwa upande mwingine, kwani kwa skeli hiyo isiyo ya kawaida karibu kila kitu unajitengenezea, hadi watu, milango na baiskeli.

Wengine hubaki kwenye milimita 4 kwa futi, na futi 3 zikawa milimita 12. Hapo wanakutana na majirani wasiowatarajia. Milimita 12 ndiyo geji wanayotumia wanaojenga reli za mita moja kwa skeli ya mara 87. Magurudumu, mota na chesisi zilizotengenezwa kwa ajili ya reli za mita moja za Uswisi huishia chini ya treni ya Donegal. Mtu akitaka kujenga Reli ya Uganda ilivyopanda kutoka Mombasa, angefungua sanduku lilelile la vipuri.

Donegal ina wapenzi wengi kuliko reli nyingine yoyote nyembamba, na sababu yao ninaielewa. Kampuni ilikuwa haina pesa, ikaanza mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kutumia mabehewa yenye injini za dizeli yanayofanana na mabasi yaliyopotea njia na kuingia relini. Yaliweza kusimama njia panda yoyote kumchukua mama mwenye kikapu. Nyuma yake unafunga behewa moja la mizigo na hilo tayari ni gari moshi kamili, linalotosha kwenye rafu ya vitabu. Reli ya kweli ilifungwa siku ya mwisho ya mwaka 1959. West Clare ikafuata mwaka 1961.

Na siwezi kupita bila kuitaja reli ya kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Ndani ya kiwanda walikuwa na reli ya futi 1 na inchi 10, ili ipenye kati ya majengo, na nje walihitaji kusukuma mabehewa ya geji kubwa hadi stesheni. Mhandisi wao, Samuel Geoghegan, hakununua vichwa vya aina mbili. Alitengeneza gari la geji kubwa lenye shimo juu. Kichwa kidogo kikanyanyuliwa kwa winchi, kikatumbukizwa humo, na magurudumu yake yakakaa juu ya roli zilizozungusha magurudumu ya gari la chini. Kichwa kidogo kilikuwa kinakimbia papo hapo kama mtu kwenye mashine ya mazoezi, na gari linakwenda. Kuna wajenzi waliojaribu kukitengeneza kifaa hicho kwa milimita 4 na kikafanya kazi. Nawavulia kofia.

Baada ya geji kuna mwaka. Mgeni hudhani unachagua mahali tu, lakini reli ya mfano bila mwaka ni kama picha bila fremu, na Ireland haisamehi hapa. Mfano mdogo: mwaka 1966, nusu karne tangu Maasi ya Pasaka ya 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza, stesheni kumi na tano zilipewa majina ya viongozi walionyongwa au kupigwa risasi. Kingsbridge ya Dublin ikawa Heuston, Amiens Street ikawa Connolly, Westland Row ikawa Pearse. Kibao kimoja cha stesheni chenye urefu wa ukucha kinaweza kutangaza kwamba treni iliyosimama chini yake haikupaswa kuwepo. Kibao hichohicho kina lugha mbili, Kiayalandi na Kiingereza, na Kiayalandi cha zamani kiliandikwa kwa herufi zenye nukta juu ambazo baadaye ziliondolewa na kuwekewa herufi h. Watu wamegombana hadi usiku juu ya nukta hizo.

Rangi nazo zina tarehe zake. Kijani cha CIÉ ni cha miaka ya 1940 na 1950. Nyeusi na hudhurungi inaanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Rangi ya chungwa yenye mkanda mweusi ikaja mwaka 1972, nayo ndiyo watu wengi wazima wa leo waliyoiona utotoni, basi ndiyo inayouzika kuliko zote. Nimegundua kwamba karibu kila mjenzi anajenga mwaka ambao yeye alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Hakuna anayekubali ukimwambia.

Hata sauti ina mwaka. Vichwa vya daraja la A, 60 kwa idadi, vilitengenezwa na Metropolitan-Vickers wa Uingereza na kuingia kazini mwaka 1955 na 1956 vikiwa na injini za Crossley. Injini hizo zilisumbua vibaya, na kati ya mwaka 1968 na 1971 ziling'olewa zikawekwa za General Motors za Kimarekani. Bodi ikabaki ileile, ngurumo ikabadilika kabisa. Vichwa vya mfano vya siku hizi vina spika ndogo ndani, na ukimsikia mtu anaendesha kichwa cha A cha rangi ya fedha ya mwaka 1956 kinachonguruma kwa sauti ya General Motors, tulia, usiseme kitu, atakuwa ameshaambiwa.

General Motors walikuwa wameshaingia Ireland kabla ya hapo, tena kwa vichwa vya daraja la 121, kumi na tano, vilivyoletwa mwaka 1961 kutoka kiwanda cha La Grange, Illinois. Vilikuwa na chumba cha dereva upande mmoja tu. Kwenye reli ya kweli ilimaanisha kwamba kikifika mwisho wa safari kigeuzwe kwenye meza ya kuzungushia iliyobaki tangu enzi za mvuke, au dereva aendeshe akichungulia pembeni ya boneti ndefu. Baadaye wakawa wanavifunga viwili viwili, migongo ikielekeana. Mjenzi aliyependa sura ya 121 hukuta amejinunulia pia tatizo la kuzungusha, na huenda akaibomoa kona nzima ya stesheni yake kutafuta nafasi ya meza hiyo. Daraja la 141 la mwaka 1962 lilikuja na vyumba viwili, na amani ikarudi.

Anayetaka mvuke bila kurudi mbali sana aende Ireland Kaskazini. CIÉ iliachana na mvuke mwaka 1963, lakini huko vichwa vya mvuke walivyoviita Jeep viliendelea kuvuta kifusi kutoka Magheramorne kwenda kwenye ujenzi wa barabara kuu kandokando ya Belfast hadi mwaka 1970. Kimoja mbele, kimoja nyuma, mabehewa ishirini katikati yakiwa yamejaa mawe, wakati upande wa pili wa dunia watu wameshatembea mwezini.

Miaka mingi mjenzi wa Ireland hakuwa na cha kununua. Alichukua behewa la Kiingereza, akalipaka rangi ya CIÉ, akafumba jicho moja. Soko ni dogo: watu milioni saba hivi kisiwa kizima, pande zote mbili za mpaka. Mambo yalibadilika pale Murphy Models wa Dublin walipoanza kutoa vichwa vya General Motors vya Ireland vilivyotengenezwa sawasawa, 141, 181, 201 na 071, na baadaye Irish Railway Models wakaja na mabehewa ya kokoto, ya saruji na kichwa cha A. Hutolewa kwa mikupuo. Mkupuo ukiisha umeisha, na aliyechelewa atalipa bei ya mitumba iliyo juu kuliko ile ya kipya. Kwa mvuke bado ni vifurushi vya shaba vya kukunja na kulehemu, au mashine ya kuchapa vitu kwa plastiki. Na ukitaka kuona mtu mmoja anaweza kufika wapi bila duka, nenda Malahide, kaskazini ya Dublin, ukaone mkusanyo wa Cyril Fry. Alifanya kazi kwenye karakana ya reli ya Inchicore, akiwa karibu na michoro yenyewe, na vichwa vyake alivichonga mwenyewe.

Mkusanyo kama huo humkumbusha mtu kwamba dunia ya viwanda vya treni ilikuwa ndogo. Vichwa vitano vya daraja la V vya kampuni ya reli ya Great Northern, vya mwaka 1932, vilivyokuja kupakwa samawati, vyenye majina ya ndege wawindaji, vilitoka kwa Beyer Peacock wa Manchester. Kimoja, Merlin, kipo hadi leo. Kiwanda hichohicho miaka ya 1950 kilitengeneza vichwa vya mvuke 34 vya aina ya Garratt, daraja la 59, vya Reli ya Afrika Mashariki, vile vilivyopewa majina ya milima. Mount Gelai imesimama kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Mjenzi wa Merlin na mjenzi wa Mount Gelai wanachimba kwenye kabati moja la michoro.

Imebaki kuendesha, na hapa ndipo wengi hukatishwa tamaa, kwa sababu treni inayozunguka duara inachosha baada ya dakika kumi. Kwanza umeme. Njia ya zamani ni volti 12 kwenye reli: ukiongeza volti treni inakimbia, ukigeuza chanya na hasi inarudi nyuma. Ubaya wake ni kwamba kila kichwa kilicho kwenye njia hiyo kinatii amri moja, hivyo njia inakatwa vipande vyenye swichi zake. Njia ya dijitali huweka umeme uleule kwenye reli muda wote na kutuma ujumbe ndani yake. Kila kichwa kina kadi ndogo yenye namba yake, na kinasikiliza namba hiyo tu. Vichwa viwili vinaweza kupishana, kimoja kikiwa kimesimama na taa zimewaka. Katika njia zote mbili adui ni mmoja, uchafu. Vumbi kidogo kwenye reli na treni yako ya kifahari inasimama kama punda aliyekataa.

Kisha unahitaji sababu ya treni kwenda. Tawi dogo la Ireland ni zawadi kwa mwenye chumba kidogo: stesheni moja ya mwisho, jukwaa moja, banda la mizigo, treni mbili au tatu kwa siku. Upande wa pili njia inapita chini ya daraja na kuingia nyuma ya ubao uliopakwa mawingu, kwenye uwanja wa siri wenye njia nne au tano. Huo ndio "Dublin". Huo ndio "kwingineko". Treni inatoka humo ikiwa imetoka mbali.

Mzigo unafuata majira. Vuli ni viazi sukari: viwanda vya sukari vilikuwa Carlow tangu mwaka 1926, kisha Mallow, Thurles na Tuam, na treni za viazi hivyo zilitembea hadi mwaka 2006 zilipokoma kutoka Wellingtonbridge kwenda Mallow. Kuna siku za mnada wa ng'ombe, ambapo tawi lililolala wiki nzima linaamka na mabehewa thelathini. Kuna mahujaji wa Knock wanaoshukia Claremorris. Kuna mapipa ya bia, mbolea, saruji.

Na kuna fimbo. Kwenye njia moja inayotumiwa kwenda na kurudi, dereva haruhusiwi kuingia bila kukabidhiwa fimbo ya kipande hicho, na fimbo hutolewa moja tu kwa wakati mmoja. Ulinzi wa aina hii haukuenea kwa hiari. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh, treni ya watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao ilishindwa kupanda mlima. Wakaikata, na mabehewa ya nyuma yakarudi chini na kuigonga treni iliyokuwa inafuata. Walikufa watu wapatao 80. Sheria ya mwaka huohuo ikalazimisha breki zinazofanya kazi kwa mabehewa yote ya treni ya abiria na kipande cha njia kuwa na treni moja tu. Anayefunga breki ndogo ndogo chini ya behewa la mwaka 1890 anafunga sheria hiyo.

Ya kwangu ni kijiti cha kulia wali cha Kichina, nimekipaka nyekundu na kuandika majina ya stesheni mbili. Jumamosi iliyopita rafiki yangu alikuwa "Dublin", nyuma ya mawingu, mimi nikiwa stesheni. Mabehewa ya viazi matupu yalikuwa yanatakiwa kufika saa nne na robo kwa saa yetu ya ukutani inayokimbia mara sita. Saa nne na nusu hayajafika. Nikagonga ubao. "Sina fimbo," akajibu. Nikajitazama: kijiti kilikuwa nyuma ya sikio langu.